Suruali ya Kupandia Mlima Wenye Baridi: Angalia Ukavu, Usiangalie Unene

 

Likizo za shule zinapokaribia, wazazi wengi huletewa barua na watoto wao. Barua husema kwamba maskauti, kikundi cha vijana cha kanisani, au wanafunzi walio katika mpango wa Tuzo ya Rais watapanda Mlima Kenya, au watatembea katika milima ya Aberdare. Barua hutaja ada na tarehe, na chini kabisa huwa na orodha ya nguo. Katika orodha hiyo utakuta maneno mafupi kama haya: "suruali mbili za baridi".

Mama akisoma hivyo hufungua sanduku na kutoa suruali nzito kuliko zote zilizomo. Mara nyingi suruali hiyo ni jinzi. Ni ngumu, ni nene, haipasuki upesi, na mtoto mwenyewe anaipenda. Mama huona amemkinga mwanawe.

Msikilizaji mpenzi, jinzi hiyo ndiyo nguo ya kuacha nyumbani. Leo tutaeleza ni kwa nini, kisha tutaeleza suruali inayofaa, jinsi ya kuitambua hata katika rundo la mitumba, na dalili za mtoto aliyezidiwa na baridi. Si lazima uwe na pesa nyingi. Linalotakiwa ni kujua unachokitafuta.

BARIDI YA MLIMANI

Kadiri unavyopanda juu, ndivyo hewa inavyokuwa baridi. Kwa kawaida joto hupungua kwa nyuzijoto 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mji wa Nanyuki uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Point Lenana, ambacho ndicho watembeaji wengi hufika, kiko mita 4,985. Tofauti yake ni zaidi ya mita 3,000. Kwa hiyo mchana ambao Nanyuki kuna nyuzijoto 20, kule Lenana huenda zikawa 2 tu. Usiku joto hushuka chini ya sifuri na maji huganda. Na kumbuka kwamba watu wengi huanza safari ya mwisho ya kufika Lenana saa nane au saa tisa za usiku, ili wakaone jua likichomoza.

Watu wengi hudhani kwamba baridi huua mahali penye barafu tu. Si kweli. Mtu anaweza kuzidiwa na baridi hata pasipo na barafu, mradi amelowa na upepo unavuma. Mvua, upepo na nguo iliyolowa vikikutana, ni hatari kuliko usiku mkavu wenye baridi kali.

Tukumbuke pia majira. Mvua ya masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na mvua ya vuli kati ya Oktoba na Desemba. Hii ina maana kwamba likizo ya Aprili huangukia katikati ya masika. Miezi ya Januari na Februari, na ile ya Julai hadi Septemba, huwa mikavu zaidi, lakini mlimani mvua inaweza kunyesha mwezi wowote. Hata isiponyesha, umande wa asubuhi katika nyasi ndefu unatosha kulowesha suruali mpaka magotini. Katika njia ya Naro Moru, ukishapita kituo cha Met Station kilicho karibu mita 3,050, kuna mteremko mrefu wenye tope na majimaji. Anayepita hapo hulowa miguu hata siku isiyo na mvua.

NGUO HUTIAJE JOTO?

Nguo yenyewe haina moto ndani yake. Joto linatoka katika mwili wa mtoto. Kazi ya nguo ni kushika hewa tulivu karibu na ngozi, na hewa hiyo ndiyo huzuia joto lisitoroke. Ndiyo sababu sweta lenye matundu madogo madogo hutia joto ingawa ni jepesi.

Nguo ikilowa, maji huingia katika nafasi zile za hewa. Maji hupitisha joto haraka kuliko hewa tulivu, takriban mara 25. Kwa hiyo suruali iliyolowa haiwi kinga tena. Inakuwa njia ya kutolea joto mwilini.

Jambo la pili ni kukauka kwenyewe. Fikiria mtungi wa udongo. Maji ya mtungini huwa baridi kwa sababu machache hupenya udongo, hukauka kwa nje, na yanapokauka huchukua joto la mtungi. Suruali iliyolowa hufanya vivyo hivyo kwenye mapaja ya mtoto. Kila upepo unapopita, joto lake huondoka nao.

Nyinyi akina mama mnalijua jambo hili tangu chumba cha kujifungulia. Mtoto akizaliwa, mkunga humkausha mara moja, humweka kifuani kwa mama na kumfunika. Hangoji. Anajua kwamba mtoto aliyelowa hupoteza joto upesi. Kijana wa miaka 15 aliye mlimani ni mkubwa zaidi, lakini kanuni ni ile ile.

Basi swali la kwanza la kuuliza unapochagua suruali ya mlimani si "Je, ni nene?" Uliza hivi: "Je, ikilowa, itakauka upesi?"

VITAMBAA VINAVYOFAA NA VISIVYOFAA

Pamba. Pamba ni nzuri kwa joto la Mombasa au Kisumu, kwa sababu hunyonya jasho na kumpoza mtu. Mlimani, kule kupozwa ndiko hatari. Jinzi ni pamba iliyofumwa kwa kubana, na hata ile yenye mpira kidogo ndani yake bado ni pamba kwa sehemu kubwa. Ikilowa huwa nzito, hung'ang'ania ngozi, hukwaruza mapaja, na haikauki siku hiyo wala pengine siku ya pili. Suruali za kaki za shule na suruali nyingi za traki zenye manyoya ya pamba kwa ndani zina tabia hiyo hiyo.

Sufu. Sufu inatokana na manyoya ya kondoo. Inaweza kubeba unyevu mwingi bila mtu kuhisi amelowa, na hata ikiwa na unyevu bado hushika joto kiasi. Ubaya wake ni kwamba hukauka polepole na huwasha ngozi za watoto wengine. Suruali ya zamani ya suti iliyoshonwa kwa sufu halisi ni nguo nzuri ya mlimani, hata kama vijana wataicheka.

Polista na nailoni. Hivi ni vitambaa vya kiwandani. Uzi wa polista hunyonya maji kidogo sana, chini ya asilimia 1 ya uzito wake. Maji hukaa juu au katikati ya nyuzi, ukiikamua hutoka, na iliyobaki hukauka kwa upepo na joto la mwili. Suruali nyingi za michezo, zile nyepesi zinazong'aa kidogo, ni za polista au nailoni. Vilevile kile kitambaa laini chenye manyoya mafupi kama blanketi la mtoto, kinachoshonewa masweta yenye zipu, kwa kawaida ni polista. Suruali ya kitambaa hicho hutia joto sana wakati wa kulala, ila upepo huipenya kwa urahisi.

Polista na nailoni zina hatari moja, nayo ni moto. Zikiguswa na moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Mwonye mtoto asisogee karibu na jiko au moto wa kambi akiwa amezivaa. Akiungua, apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, na kitambaa kilichonata kisibanduliwe kwa nguvu. Apelekwe kwa mhudumu wa afya.

SURUALI TATU ZENYE KAZI TATU

Watembeaji wa milimani hawategemei suruali moja nene. Huvaa nyembamba kadhaa, moja juu ya nyingine, ili waweze kuvua au kuongeza kadiri hali inavyobadilika.

Ya kwanza ni ya kugusa ngozi. Hii ni taiti au suruali ya ndani inayobana kidogo, ya polista au ya sufu nyembamba. Huvaliwa usiku, na pia alfajiri ya kwenda kileleni. Mchana wa jua haina haja.

Ya pili ni ya kutembelea. Iwe ya polista au nailoni, nyepesi, isiyobana, yenye mifuko ya zipu kama inapatikana. Hii ndiyo mtoto atakayovaa muda mrefu zaidi.

Ya tatu ni ya mvua na upepo. Huvaliwa juu ya zote. Haihitaji kuwa nene, kazi yake ni kuzuia maji na upepo visiingie. Nzuri ni ile yenye zipu pembeni mwa miguu, ili mtoto aivae bila kuvua viatu mvua inapoanza ghafla. Alfajiri ya kileleni huvaliwa hata kama hakuna mvua, kwa sababu ya upepo.

Tukiongeza suruali moja kavu ya kulalia, hesabu inakuwa nne, nazo zote kwa pamoja huenda zikawa nyepesi kuliko jinzi mbili zilizolowa.

UKIWA SOKONI

Msikilizaji, huhitaji kwenda katika duka la bei ya juu. Katika masoko ya mitumba kama Gikomba kule Nairobi, Kongowea kule Mombasa na Kibuye kule Kisumu, suruali za kufaa mlimani zimo kwenye marundo pamoja na nyingine. Fuata hatua hizi.

Kwanza, soma lebo. Mara nyingi imeshonwa ndani, upande wa kiunoni au kwenye mshono wa pembeni. Neno "cotton" maana yake ni pamba. "Wool" ni sufu. "Polyester" na "nylon" ni polista na nailoni. "Elastane" au "spandex" ni ule uzi unaovutika kama mpira. Angalia asilimia. Ikiwa imeandikwa pamba asilimia 60 au zaidi, irudishe kwenye rundo.

Pili, kama lebo imekatwa, tumia tone la maji. Chovya kidole katika maji, uangushe tone juu ya kitambaa. Pamba isiyopakwa dawa hulinywa haraka na kuacha doa jeusi linalopanuka. Polista na nailoni mara nyingi huliacha juu kwa muda, au hulieneza kisha likakauka upesi.

Tatu, ipime uzito kwa mkono. Ikunje, uishike kiganjani. Ikiwa nzito ingali kavu, itakuwa mzigo ikilowa.

Nne, iinue kwenye mwanga. Angalia magoti, makalio na sehemu ya katikati ya miguu. Hapo ndipo kitambaa huisha kwanza. Vuta mishono kwa mikono miwili. Funga na kufungua zipu mara kadhaa. Zipu iliyoharibika ukiwa mjini ni kero tu, lakini ikiharibika mlimani saa tisa za usiku inapitisha upepo.

Tano, kwa suruali ya mvua, igeuze ndani nje. Ukiona utando unabanduka kama ngozi ya nyoka, haizuii maji tena. Iache hata kama bei ni nafuu.

Ukishafika nyumbani, fanya jaribio dogo pamoja na mtoto. Chukua jinzi yake na suruali uliyonunua, zilowesheni pamoja kwenye beseni, zikamueni, kisha zianikeni kivulini. Kila baada ya saa moja zigusane kiunoni na kwenye mishono. Mtoto akiona kwa macho yake ipi imekauka na ipi bado inadondosha maji, hutahitaji kubishana naye tena kuhusu jinzi.

KIPIMO KINACHOFAA

Suruali ya mlimani inayobana ni kosa. Huzuia hatua ndefu, huminya hewa ile inayotunza joto, na haiachi nafasi ya taiti ndani. Mwambie mtoto avae taiti, kisha suruali juu yake, halafu afanye mambo matatu: achuchumae mpaka chini, ainue goti mpaka usawa wa kiuno, na apige hatua kubwa kama anayepanda jiwe. Ikimbana gotini au ikimvuka kiunoni, haifai.

Urefu ufike kwenye kifundo cha mguu. Ikipita hapo ataikanyaga, na pindo litafyonza maji ya tope na kuyapandisha juu. Fundi cherehani anaweza kuipunguza kwa dakika chache. Mwombe pia atie mpira au kamba kwenye pindo, ili lifungwe juu ya kiatu na kuzuia umande.

Kiuno chenye mpira na kamba ni bora kuliko mshipi mzito. Mkoba wa mgongoni huwa na mkanda wa kiunoni, na chuma cha mshipi kikibanwa hapo hukwaruza ngozi. Tena vidole vikiwa na ganzi ya baridi, vifungo vidogo ni taabu. Kwa wasichana jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu wao hulazimika kushusha nguo kila wanapokwenda haja ndogo. Wasichana wengine hujinyima maji siku nzima ili wasipate usumbufu huo. Kunywa maji kidogo mlimani huleta uchovu na maumivu ya kichwa. Mama, mchagulie binti yako suruali rahisi kushusha na kupandisha, umweleze kwamba kunywa maji ni lazima. Mfungie pia sodo za kutosha hata kama siku zake bado hazijafika.

JINSI YA KUZITUMIA MLIMANI

Suruali nzuri ikitumiwa vibaya haisaidii. Mweleze mtoto mambo haya kabla hajaondoka.

Aanze kutembea akihisi baridi kidogo. Baada ya dakika 10 za kupanda mwili utapata joto. Anayeanza safari akiwa amevaa zote tatu atatoka jasho, na jasho hulowesha nguo kama mvua.

Avae suruali ya mvua matone ya kwanza yanapoanguka, asingoje kulowa.

Suruali ya kulalia isiguswe mchana kwa sababu yoyote, isipokuwa dharura. Akifika kibandani au kwenye hema, avue iliyolowa mara moja, ajifute, avae kavu pamoja na soksi kavu.

Suruali hiyo kavu ifungwe vizuri. Hapa kuna jambo la kuangalia. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika mbuga na hifadhi, pamoja na Mlima Kenya. Kwa hiyo tumia mfuko imara usiopenya maji, unaotumika tena na tena. Fundi anaweza kukushonea mmoja kutokana na koti la mvua lililochakaa. Maji ya kunywa nayo yawekwe katika chupa ya kudumu.

DALILI ZA KUZIDIWA NA BARIDI

Joto la mwili wenye afya ni karibu nyuzijoto 37. Likishuka chini ya 35, mwili unaanza kushindwa. Watoto, na hasa walio wembamba, hufika hapo mapema kuliko watu wazima. Mfundishe mtoto wako dalili hizi ili azitambue kwa mwenzake, kwa maana aliyezidiwa mara nyingi hajitambui.

Dalili za mwanzo ni kutetemeka bila kuweza kujizuia, vidole kushindwa kufunga zipu au kamba za viatu, na kujikwaa mara kwa mara. Baadaye maneno huanza kutoka kwa shida kama ya mlevi. Hukasirika ovyo au hunyamaza, hutaka kukaa chini na kulala. Mtu aliyekuwa akitetemeka akiacha kutetemeka ilhali bado amelowa na amechanganyikiwa, usiseme amepata nafuu. Hiyo ni hatari kubwa.

Afanyiwe hivi. Atolewe kwenye upepo, aingizwe hemani au kibandani. Avuliwe nguo zilizolowa, akaushwe, avishwe kavu, afunikwe kichwa kwa boshori, na aingizwe katika mfuko wa kulalia au blanketi. Pawekwe kitu chini yake, kwa sababu ardhi nayo hunyonya joto. Kama yuko macho na anaweza kumeza, apewe chai au uji wa moto kiasi wenye sukari. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa inaweza kuwekwa kifuani au kwapani. Mwongozaji aarifiwe papo hapo ili aombe msaada wa askari wa Shirika la Wanyamapori, KWS.

Asipewe pombe hata kidogo, kwani pombe humfanya ahisi joto huku mwili ukizidi kulipoteza. Asisuguliwe mikono na miguu kwa nguvu. Asiwekwe karibu sana na moto, wala asimwagiwe maji ya moto. Aliyezidiwa sana asilazimishwe kutembea.

Kumbuka pia kwamba suruali haizuii ugonjwa wa mwinuko, ule unaotokana na uhaba wa oksijeni. Maumivu ya kichwa, kutapika, kupepesuka na kukosa pumzi hata akiwa amepumzika ni dalili zake. Mtu wa namna hiyo asiendelee kupanda, na akizidi ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku.

KABLA YA KUTIA SAHIHI BARUA

Kama mtoto wako ana ugonjwa wa selimundu, usimruhusu kabla ya kuonana na daktari wake. Baridi na upungufu wa oksijeni vinaweza kumletea maumivu makali. Mwenye pumu naye amwone daktari, na dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni, isiwekwe chini kabisa ya mkoba. Mwenye homa au kikohozi kipya angoje safari nyingine.

Mwulize mwalimu maswali haya. Je, kuna mwongozaji anayetambuliwa? Je, watakagua nguo za kila mtoto kabla ya kuondoka? Je, mtoto atakayelowa ataruhusiwa kurudi, na atarudi na nani? Mwalimu mwema hataona vibaya kuulizwa.

MASWALI AMBAYO AKINA MAMA HUULIZA

"Je, akivaa jinzi mbili pamoja?" Hapana. Hiyo ni pamba mara mbili, uzito mara mbili, na maji mara mbili.

"Binti yangu havai suruali kwa desturi ya nyumbani kwetu." Avae taiti nene ya polista au sufu ndani, na juu yake sketi pana, nyepesi, inayokauka upesi, ifikayo chini kidogo ya goti. Sketi ya kufika chini hufagia umande na inaweza kumwangusha kwenye mawe.

"Sina pesa za suruali ya mvua." Azima kwa aliyewahi kupanda, au mwulize mwalimu kuhusu kukodi. Katika miji iliyo karibu na mlima, kama Nanyuki na Naro Moru, kuna watu wanaokodisha nguo hizo. Kagua kabla ya kulipa. Ikishindikana kabisa, koti refu la mvua linalopita magoti ni afadhali kuliko mwavuli, ambao upepo utaugeuza.

"Traki ya shule yatosha?" Soma lebo. Ikiwa ni polista, yafaa kwa kutembelea. Ikiwa ni pamba, ibaki nyumbani.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Moja: pamba na jinzi si nguo za mlimani.
Mbili: chagua suruali inayokauka upesi, ya polista, nailoni au sufu.
Tatu: vaa nyembamba kadhaa, na ya juu izuie mvua na upepo.
Nne: suruali moja kavu iwekwe kwa ajili ya kulala tu.
Tano: anayetetemeka avuliwe nguo zilizolowa kwanza, mengine yafuate.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Mama hawezi kupanda mlima badala ya mwanawe, lakini anaweza kufungua mkoba wake usiku wa kuamkia safari, akaitoa ile jinzi, akatia suruali nyepesi mahali pake.

Kwa vikundi vinavyosoma kijitabu hiki pamoja, zungumzeni haya: Ni nguo zipi watoto wetu huvaa wakienda safari za baridi? Ni nani kati yetu anayeweza kuazima suruali ya mvua kwa mwenzake? Na mwalimu wetu ameshaulizwa maswali yale matatu?